Ngazi za huku milimani: kuna aliyeanguka kwenu? Tupeane uzoefu

Mleta mada (Isanga, Mbeya)

Wakuu, salaam kutoka kwenye baridi. Ninyi wa tambarare mtatuvumilia, maana huku kwenda dukani tu ni kushuka na kupanda. Nyumba iliyo chini ya mlima Loleza, au ya Gangilonga kule Iringa, hata isiwe ya ghorofa bado ina vidato vya kutoka barabarani hadi barazani. Na vingi vimechongwa kwa jicho.

Masika iliyopita mama mkwe wangu alianguka akishuka ngazi ya uani, akavunjika mkono juu kidogo ya kiganja. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia "ndiyo utu uzima huo, mama". Yeye anakataa katakata: "Ardhi ilinifikia mapema." Nikachukua futi nikapima. Vidato vyote vina kimo cha sentimita 17, vingine 17 na nusu. Cha chini kabisa, 11! Mguu ulishuka ukiitegemea 17, ukakutana na sakafu njiani. Hata kijana wa miaka 25 angepepesuka pale, ila yeye angejidaka.

Kwa hiyo naomba mada isiwe ya "wazee wawe makini". Tuseme ngazi zenyewe zina nini, na mmerekebisha vipi kwa pesa ya kawaida.

Fundi wa Uyole

Mkuu, hiyo kasoro naijua bila kufika kwako. Ngazi humwagwa nyumba ikiwa bado pagale. Baadaye unakuja udongo wa sakafu, kisha marumaru na gundi yake, na nje zinapangwa pevingi. Sakafu ya chini inapanda sentimita tano au sita, kidato cha kwanza kinamezwa. Juu nako ni hivyo hivyo: sakafu ya ghorofani ikiwekwa marumaru na vidato vikaachwa bila kitu, cha mwisho kinakuwa kirefu kuliko wenzake. Ndiyo maana watu wengi huanguka mwanzo au mwisho wa ngazi.

Dawa yake ni kumbana tajiri (mwenye nyumba) kabla hujafunga mbao za kumwagia zege: juu ya sakafu utaweka nini? Akishajibu, pima kutoka sakafu iliyokamilika hadi sakafu iliyokamilika. Tuseme ni mita 3. Gawa kwa vidato 18, kila kimoja kinapata sentimita 16.7 hivi. Chukua ubao mmoja mnyoofu, utie alama zote 18, uusimamishe ukutani na ufuate alama hizo. Ukipima kidato kimoja kimoja kwa futi, milimita mbili za hapa na tatu za pale zinajumlishana, na mzigo wote unaangukia kidato cha mwisho.

Sehemu ya kukanyaga isipungue sentimita 28 kama kiwanja kinaruhusu. Kuna hesabu ya zamani ambayo haijawahi kuniangusha: kimo mara mbili, jumlisha upana wa kukanyaga, jibu liwe kati ya 60 na 64. Mfano 17 na 17 na 28, ni 62. Hapo mtu anatembea bila kufikiri.

Shida kubwa ni matajiri. "Fundi, toa vidato viwili sebule iongezeke." Ukitoa viwili kwenye vile 18, kila kimoja kinafika karibu sentimita 19. Bibi akija kutoka kijijini anapanda kwa magoti.

Mleta mada

Shukrani fundi. Sasa yangu imeshamwagwa. Niongeze plasta kwenye kile kifupi?

Fundi wa Uyole

Hapana! Utahamishia ugonjwa kwenye kidato kinachofuata. Ng'oa pevingi za mbele ya ngazi, shusha hapo sentimita sita, halafu urudi kupanda polepole kwa mteremko wa mita moja na nusu mpaka usawa wa ua. Usiache ukingo. Na toboa njia ya maji kando, la sivyo umejenga bwawa miguuni pa mama mkwe.

Mama wa Tukuyu

Ninyi mna shida ya vimo, sisi tuna shida ya ukoga. Hapa Rungwe mvua haiishi, na ngazi ya nje iliyopigwa niru (saruji laini ya juu) ikawa laini kama kioo ndiyo adui namba moja. Kijani kikishaota huoni hata kama kipo, hasa alfajiri kukiwa na ukungu.

Kwangu tulianza na jiki: unaimwaga ngazi ikiwa kavu, unaiacha kidogo, unasugua kwa brashi ya waya, unasuuza. (Usiichanganye na dawa nyingine ya chooni, hewa yake inaumiza kifua.) Inasafisha kweli, lakini baada ya muda ukoga unarudi, kwa sababu maji ya bati yalikuwa yanamwagikia palepale. Tulipofunga gata na kuyapeleka upande wa migomba, ndipo kazi ikapungua. Fundi akagonga mistari midogo kwa tindo kwenye kila kidato, karibu na ukingo. Sura ya ngazi imeharibika, nakubali. Wageni wa harusi walilalamika kuliko mguu wangu unavyolalamika sasa.

Mdau wa Makambako

Mimi niliteleza na sufuria ya ugali mkononi. Ugali ulifika salama, mimi sikufika.

Seremala, Mafinga

Pole mkuu, lakini hapo ndipo penyewe. Mikono miwili ikishika sufuria, nani anashika reli? Tena mzigo unaficha kidato. Kwangu ndoo ya maji inapanda nusu, mkono mmoja unabaki huru.

Na reli tunazotengeneza nyingi ni urembo. Ukuta mpana wa zege pembeni ya ngazi, juu umewekwa marumaru, mtu ataushikaje akiteleza? Kiganja kinahitaji kitu cha kukizunguka: mti wa duara wenye kipenyo cha sentimita nne hivi, wenye nafasi ya kupitisha vidole kati yake na ukuta. Kimo sentimita 90 hadi mita moja. Uanze kabla ya kidato cha kwanza na upitilize cha mwisho, maana pale mwisho ndipo mkono unapohitajika. Mbao za paini huku zimejaa, hii si kazi ya kuagiza mjini. Ila zipigwe randa na msasa sawasawa, reli yenye vibanzi watu wanaiachia.

Wenye watoto: nafasi kati ya nguzo na nguzo isizidi sentimita 10. Kichwa cha mtoto kinapita mahali usipotegemea.

Mdau wa Kihesa, Iringa

Swichi ya taa ya ngazi ipo chini tu. Usiku unazima, kisha unapanda gizani. Fundi umeme alituwekea swichi za njia mbili, moja chini moja juu, na tukatundika taa ya kuchaji kwa ajili ya umeme ukikatika. Basi.

Nesi mstaafu, Iringa

Kamwene. Nimesoma yote, nyongeza yangu ni fupi kidogo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Si jambo la kuchekea tu, ingawa huyo wa ugali kanichekesha.

Wodini nilikuwa nawauliza waliovunjika: ulikuwa unapanda au unashuka? Wengi walikuwa wanashuka. Umevaa nini miguuni? Kandambili, au soksi tupu kwa ajili ya baridi yetu. Soksi juu ya marumaru ni hatari kuliko miguu mitupu. Miwani ya kusomea nayo ivuliwe kabla ya kushuka, inavuruga umbali. Na mzee anayetumia dawa za presha asiruke kutoka kitandani moja kwa moja hadi ngazini, akae kwanza kichwa kitulie.

Akishaanguka, acheni kukimbilia kumnyanyua. Muulizeni panapouma. Mkiona mguu mmoja umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Msimsimamishe, msimchue, msimvute. Mfunikeni, tafuteni gari ambalo atalala, apelekwe hospitali. Aliyegonga kichwa akaanza kutapika, kusinzia au kuongea yasiyoeleweka, hata kama mwanzo alisema yuko salama, ni hospitali hapohapo.

Mdau wa Njombe

Shikamoo nesi. Kwetu Juni na Julai sakitu (umande ulioganda) inakaa kwenye vidato vya nje hadi jua litoke. Baba humwaga maji ya moto, na yakipoa barazani yanateleza vibaya zaidi. Tumemshawishi atumie majivu makavu. Anasema tunamchafulia nyumba.

Mpangaji wa Soweto, Mbeya

Naomba msaada. Mimi ni mpangaji, mwenye nyumba hataki kusikia habari za tindo wala reli. Vidato vyote ni marumaru za rangi moja, ukiwa juu huoni kimoja kinaishia wapi.

Fundi wa Uyole

Dada, kwako ni utepe wa msasa wenye gundi. Uko maduka ya vifaa vya ujenzi, unaubandika ukingoni mwa kila kidato, ukihama unabandua. Safisha mafuta kwanza, kausha, ndipo ubandike, la sivyo utang'oka na kuwa mtego wenyewe. Chagua rangi inayopingana na marumaru: kama ni nyeupe, weka mweusi. Ngazi ikiwa ya zege tupu, tumia rangi ya sakafu isiyong'aa, unyunyize mchanga laini uliochekechwa ikiwa bado mbichi. Anza na cha juu kabisa na cha chini kabisa, hata kama pesa inatosha hivyo viwili tu.