Kupima mafuta ya makonyo: refraktomita au mashine ya kromatografia ya gesi?

Mkenekaji_Wete: Assalaam aleikum. Kikundi chetu kinakeneka mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Mnunuzi karudisha madumu mawili, anasema yamechanganywa. Wallahi hatukutia kitu, na limetuuma sana. Pesa tuliyonayo ni ya kifaa kimoja. Wenzangu wanataka refraktomita, kile kifaa kinachosoma namba ya jinsi mwanga unavyopinda ndani ya mafuta. Mimi naona tuchange tupate kromatografia ya gesi, mashine inayotenganisha na kupima kila kilichomo ndani ya mafuta.

BintiChake: Waalaykum salaam. Kweli mashine ya gesi inasema mengi: yujenoli (kemikali kuu ya mafuta haya) kiasi gani, na nyingine kama kariofilini na asetati ya yujenoli. Mafuta ya karafuu yenyewe huwa na asetati asilimia 4 mpaka 15, ya makonyo huwa nayo kidogo mno, na refraktomita haikuonyeshi tofauti hiyo. Lakini kununua mashine ni mwanzo tu. Inataka mitungi ya gesi safi, safu (mirija ya ndani ya kutenganishia) za kubadilisha, umeme usioyumba. Nimeitumia, umeme ukikatika, kazi ya asubuhi yote imepotea. Pelekeni sampuli maabara kubwa, mlipie kipimo.

FundiVipimo: Refraktomita, lakini msiuziwe ya kupimia sukari. Mafuta haya husoma karibu 1.53 kwenye nyuzi 20, na nyingi za sukari hazifiki huko. Halafu joto: kila nyuzi moja ikipanda, namba hushuka kama 0.0004 au 0.0005. Ukipima mchana kwenye nyuzi 30 bila kusahihisha, mafuta mazuri yataonekana yamechanganywa. Muulize huyo mnunuzi alipimaje.

Mwl_Kemia_Unguja: Ndugu yangu, kabla ya yote tafuta chupa ya kasia, ile yenye shingo ndefu yenye alama za mililita. Tia mafuta mililita 10, jaza maji ya magadi makali (sodiamu hidroksidi) ya asilimia 5, tikisa, pasha moto kwenye maji yanayochemka. Yujenoli ni fenoli, kwa hiyo inaingia kwenye magadi, yasiyoingia yanaelea. Ongeza magadi mpaka yapande shingoni, yaache yapoe, usome. Yakibaki mililita 1, una fenoli asilimia 90. Aliyetia mafuta ya taa atayaona yanaelea pale pale. Vaeni glavu na miwani, magadi haya yanaunguza vibaya.

Na ukitaka yujenoli safi, chukua hayo maji ya magadi, tia tindikali taratibu, itajitenga. Msidanganywe kununua kikenekeo cha kuzunguka kwa kazi hiyo: kile ni cha kuondolea viyeyushi vyepesi, na yujenoli huchemka kwenye nyuzi 254.

Mkenekaji_Wete: Ahsante sana Mwalimu. Nimempigia mnunuzi: alipimia uani, saa saba mchana, kipimajoto hana. Ila anasema pia yalikuwa meusi. Pipa letu ni la chuma, lina kutu.

Mwl_Kemia_Unguja: Kutu ndiyo iliyoyatia weusi. Chuma kikikutana na fenoli, rangi hubadilika. Hamieni chuma cha pua, na mafuta myaweke kwenye chupa za kioo cheusi.

Mkenekaji_Wete: Basi pipa kwanza. Chupa ya kasia nitaipata wapi huko mjini?