Naomba ushauri: bastola ya bei nafuu, nianze kuboresha wapi?

Wakuu, habari zenu. Nina bastola ndogo ya 9mm, ya bei ya chini, naimiliki kihalali na naitumia zaidi kwenye uwanja wa shabaha. Magazini inabeba risasi 12. Nimeshapiga kama risasi 400, imekwama mara mbili tu, zote kwa magazini ileile. Nimeitia alama ya rangi kitakoni nisiichanganye na nyingine.

Kinachonikera ni vilengeo. Ni vya plastiki, vina nukta tatu nyeupe, na mwanga ukipungua kidogo ile ya mbele siioni kabisa. Nimeipaka rangi ya kucha ya mke wangu, ya machungwa (yeye hajui bado), na imesaidia kuliko nilivyotarajia. Sasa ninunue vya chuma vinavyong'aa gizani, au hela hiyo iende kwenye risasi za mazoezi?

Mfuko wa kiunoni hauna mjadala. Nilionao ni wa kitambaa, umelegea, haufuniki kifyatulio vizuri. Naubadilisha.

Ila kuna jamaa ananishawishi niweke springi nyepesi ndani, ili kifyatulio kivutike kirahisi. Hapo nasita. Pini inayogonga risasi ikikosa nguvu, risasi inaweza isilipuke, tena hiki ni kitu cha kubeba kiunoni. Darubini ya nukta nyekundu nayo bei yake inakaribia ya bastola yenyewe!

Mliopitia njia hii, kipi kiliwafaa kweli, na kipi kimeishia kwenye droo?