Taylor Swift alirekodije upya nyimbo ambazo masta si zake?

Kinanda88: Wakuu, naomba kueleweshwa. Huyu dada alisaini Big Machine mwaka 2005. Mwaka 2019 lebo ikanunuliwa na kampuni ya Scooter Braun, meneja wa wasanii, na masta (rekodi asilia) za albamu zake 6 zikaenda nayo. Ilikuwaje akaimba nyimbo zilezile, akaziuza, na asishtakiwe?

Mzee wa Noti: Mkuu, wimbo mmoja una hakimiliki mbili: ya utunzi (maneno na melodia) na ya rekodi yenyewe, ndiyo masta. Alichokosa ni masta tu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani, kifungu cha 114(b), inalinda sauti zilizonaswa kwenye rekodi ile na si zaidi. Ukipiga kila kitu upya, hata ukiiga mpaka pumzi, hujagusa masta ya mtu.

Kinachomfunga msanii ni mkataba. Lebo huweka kipengele cha kumkataza kurekodi upya, kwa kawaida miaka 5 tangu wimbo utoke au 2 baada ya mkataba kuisha, ile itakayochelewa. Yeye alifunguliwa Novemba 2020 kwa albamu 5 za mwanzo. Fearless mpya ikatoka Aprili 2021, Red Novemba mwaka huohuo, Speak Now na 1989 mwaka 2023.

Dada Soprano: Mmesahau silaha kubwa zaidi. Filamu au tangazo likitaka wimbo, linahitaji ruhusa ya mwenye masta na ya mtunzi. Yeye kama mtunzi alikuwa anakataa, basi masta za zamani zikakosa soko la matangazo. Anayeimba nyimbo za kutungiwa hana ubavu huo. Speak Now ya 2010, nyimbo zote 14 za toleo la kawaida alitunga peke yake. Blank Space ni habari nyingine: ametunga na Max Martin na Shellback, kwa hiyo toleo jipya likichezwa nao wanakula mirabaha.

Fundi Mitambo: Studio ndiko kwenye kazi. Huruhusiwi kuchomoa hata pigo moja la ngoma kwenye faili za zamani. Tempo ileile, kii ileile, halafu ala zinapigwa upya moja baada ya nyingine. Gitaa na ngoma halisi haziwasumbui mafundi. Sinthesaiza ndiyo inayotesa, maana kama hujui ilivyosetiwa unabaki kubahatisha kwa sikio. Na sauti, jamani: koo la miaka 18 halirudi ukiwa na 30.

Kingine, rekodi mpya inapewa ISRC (namba ya rekodi) mpya, ila ISWC, namba ya utunzi, inabaki ileile. Zisipounganishwa sawasawa, pesa ya mtunzi inalala bila mwenyewe.

Kinanda88: Shukrani sana. Na Reputation mbona haikutoka?

Mzee wa Noti: Ile ni ya 2017, ilichelewa kufunguliwa. Mei 2025 akanunua masta zote 6 kutoka kampuni ya uwekezaji ya Shamrock, iliyouziwa na Braun 2020, na akaandika kwamba Reputation hakuwa amefika hata robo, ilhali albamu ya kwanza alishaimaliza.

Lebo nazo zimeamka, siku hizi zinaomba miaka 10 na kuendelea. Ukiletewa mkataba, angalia hesabu inaanzia wapi: siku ya kukabidhi kazi, siku ya kutoka, au mwisho wa mkataba. Wengi hunaswa hapo, si kwenye idadi ya miaka.