Dola 100 zilipofika naira 150,000: nani hasa amefaidika?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mjadala wa naira, fedha ya Nigeria, nimeona ukiendeshwa kwa namba moja tu: kwa bei rasmi dola ilikuwa naira 460, ikaja kuwa 1,500, basi anayepokea dola Nigeria anakula vizuri. Wapo hata wanaowashauri vijana wetu wanaolipwa kwa dola mtandaoni wahamie Lagos kwa kuwa eti huko dola inafika mbali. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana namba hiyo peke yake inapotosha.

Kwanza tukumbushane. Tarehe 29 Mei 2023 Rais Bola Tinubu aliapishwa, na siku hiyo hiyo akatangaza kwamba ruzuku ya petroli imekwisha. Tarehe 14 Juni, wiki mbili tu baadaye, Benki Kuu ya Nigeria ikaacha kuipangia naira bei. Kufikia Februari 2024 dola ilikuwa imevuka naira 1,500, na kwa sehemu kubwa ya 2024 na 2025 ikawa inazungukia hapo hapo.

Sasa chukueni petroli. Kabla ya Tinubu kuapishwa, lita moja Lagos kwenye vituo vya shirika la serikali ilikuwa chini kidogo ya naira 200. Mtaani dola ilikuwa inabadilishwa kwa 750 hivi, kwa hiyo mwenye dola 100 alipata naira 75,000, sawa na lita 375. Mwishoni mwa 2024 dola mtaani ilikuwa imepita 1,600 na lita imefika kama 1,000. Dola zile zile 100 zikawa lita 160. Naira mkononi zimeongezeka zaidi ya mara mbili, mafuta yamepungua zaidi ya nusu. Na Nigeria petroli si ya gari tu: ndiyo inayowasha jenereta ya kinyozi, ya muuza juisi, ya duka la dawa.

Kilichokuwa rahisi kwa mwenye dola ni kimoja: kazi ya mtu. Fundi, mlinzi, mpishi, dereva, msusi. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa 2019 kilikuwa naira 30,000, wakati huo zaidi ya dola 80. Mwanzoni mwa 2024 hizo 30,000 zilikuwa dola 20. Kikapandishwa hadi 70,000 Julai 2024, na hata hapo ni dola 44 tu. Kwa hiyo mtu akisema Lagos ni rahisi kwa dola, kwa sehemu kubwa anasema wafanyakazi wa Lagos wamepunjwa.

Msimamo wangu ni huu: kuiachia naira kulikuwa hakukwepeki, lakini kufanya hivyo wiki mbili baada ya kuondoa ruzuku, huku mshahara ukingoja zaidi ya mwaka mmoja, ni kuwabebesha wanaolipwa kwa naira gharama yote. Karibuni na hoja.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, hesabu zako sizipingi, ila umeanzia hadithi katikati. Hiyo bei ya 460 ni nani aliyekuwa anaipata? Mwenye duka Onitsha alikuwa haipati. Mzazi mwenye mtoto chuoni Uingereza alikuwa anaomba benki miezi mpaka anachoka, mwishowe ananunua mtaani kwa 750. Aliyekuwa na mtu wake Benki Kuu ndiye aliyepewa dola kwa 460, akitoka nje anaiuza kwa 750. Naira 290 kwa kila dola bila kutoa jasho. Piga kwa dola milioni moja: ni naira milioni 290 za bure.

Halafu dola zenyewe zilikuwa hazipo. Mashirika ya ndege ya nje yaliuza tiketi kwa naira na fedha zao zikakwama nchini kwa mamia ya mamilioni ya dola. Emirates waliacha kuruka kwenda Nigeria 2022, wakarudi Oktoba 2024. Mfumo wa aina hiyo ungeendelea mpaka lini? Mimi nasema naira haikushuka Juni 2023. Ilikuwa imeshashuka, serikali ikakubali tu kuandika bei ya kweli.

Mchangiaji, Houston

Naomba niongee kama mtu anayetuma hizo dola. Mume wangu ni wa Ikorodu, Lagos, na kila mwezi tunamtumia mama mkwe dola 200. Miaka mitatu minne iliyopita zilikuwa naira 140,000 hivi. Sasa ni kama 300,000. Huku ndugu wanatuambia, "mmepumua sasa". Hatujapumua.

Mama alikuwa ananunua mchele kwa gunia la kilo 50, anaweka chumbani, unakula miezi. Siku hizi anapima kwa derika, kile kikopo cha nyanya ambacho wauzaji wa Lagos wanapimia mchele na maharage. Anachukua derika nne, tano, anarudi wiki ijayo. Si kwamba fedha ya gunia haipo kabisa. Tatizo ni kwamba zile 300,000 sasa zina midomo mingi. Zamani ilikuwa ni yeye na mjukuu mmoja. Sasa shemeji yangu mwalimu, ambaye alikuwa anajitegemea na hata kumletea mama viazi vikuu na samaki mwisho wa mwezi, mshahara wake unaishia kwenye nauli. Jirani mjane naye anatumwa mtoto na bakuli. Mama hawezi kula huku watu wanamwangalia, na mimi nisingetaka awe mtu wa namna hiyo. Dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta, imepanda mara kadhaa kwa sababu inatoka nje.

Kwa hiyo mleta mada ana haki. Dola yetu haijaongezeka nguvu. Imechukua nafasi ya mshahara wa shemeji.

Mchangiaji, Abuja

Ndugu zangu, kwa wanaokuja huku na noti mkononi: pale Wuse Zone 4, kwa wale wabadilishaji wa Kihausa, noti ya dola 100 mpya isiyokunjwa ndiyo inayopata bei nzuri. Ukileta za tano tano na kumi kumi, au noti ya zamani yenye kichwa kidogo, unakatwa. Na mjiandae kubeba mzigo. Noti kubwa kabisa ya Nigeria ni ya naira 1,000, iliyotoka 2005, na imekuwa haifikii hata dola moja. Kwa upande mwingine, pengo la bei ya benki na ya mtaani limekuwa dogo sana kuliko 2023, kwa hiyo hiyo hoja ya mchangiaji wa Dar ni ya kweli kabisa, tunaiona kwa macho.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi swali langu ni moja. Shilingi yetu ilifika 160 kwa dola Januari 2024, na ndani ya miezi michache ikarudi kwenye 130. Bei madukani hazikurudi nazo. Je, hata naira ikirudi 1,000, mnadhani mkate wa Lagos utashuka?

Mchangiaji, Kampala

Wote mnaongelea dola, dola. Chakula cha Nigeria hakikupanda kwa ajili ya dola peke yake. Viazi vikuu na mihogo ya gari (ule unga wa mihogo uliokaangwa) havinunuliwi kwa dola. Jimbo la Benue linaitwa kapu la chakula la taifa, na wakulima wake wengi wamekaa kambi za wakimbizi kwa sababu ya mauaji mashambani. Jimbo la Zamfara wapo wanaotozwa na majambazi kabla ya kuvuna. Ukiongeza mafuta ya lori kutoka Benue mpaka soko la Mile 12 Lagos, na vizuizi vya barabarani ambavyo kila kimoja kinataka chochote, kiazi kinafika mjini kikiwa ghali hata dola ingebaki 460. Mfumuko wa bei ya vyakula ulipita asilimia 40 katikati ya 2024. Msiitupie Benki Kuu lawama zote.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango, hasa ya dada wa Houston, maana hilo la fedha moja kulisha midomo mingi nilikuwa sijaliweka vizuri.

Ndugu wa Dar, ule mfumo wa bei mbili siutetei hata kidogo. Ulikuwa ni wizi wenye muhuri. Lakini angalia jambo hili: kama 460 ilikuwa bei ya wachache na nchi nzima ilikuwa inaishi kwa 750, kwa nini dola haikutulia kwenye 750? Ilipita hadi mara mbili yake. Benki Kuu iliachia bei huku haina dola za kutosha sokoni na madeni ya fedha za kigeni yamerundikana, kila mwenye naira akakimbilia dola kujihami. Riba ikaja kupandishwa baadaye, ikafika asilimia 27.5 Novemba 2024, na hiyo ikamkaba mwenye kiwanda kidogo anayekopa. Procter & Gamble, kampuni ya Marekani ya sabuni na nepi, walishatangaza Desemba 2023 kwamba wanaacha kutengeneza bidhaa Nigeria, wataagiza tu kutoka nje. Ajira za kiwandani zikipotea, naira ikitulia inamtulizia nani?

Wa Nairobi, jibu langu ni hapana, mkate hautashuka kwa kiasi hicho. Ngano ya Nigeria karibu yote ni ya kuagizwa, kwa hiyo dola ikipanda mkate unapanda wiki hiyo hiyo. Ikishuka, mwoka mikate bado analipa dizeli, kodi ya pango na riba ya benki. Ndiyo maana nashikilia kwamba la msingi ni mshahara, na bei ya dola inafuata baadaye.

Wa Kampala, nakubali usalama wa mashamba ni hoja nzito, na pengine kwa watu wa kaskazini ndiyo hoja ya kwanza. Lakini mwalimu anayeingia sokoni hana namna ya kulipa kiasi cha majambazi na kiasi cha Benki Kuu kwa mafungu tofauti. Analipa vyote kwa mshahara mmoja. Sheria ya 2024 imepunguza muda wa kupitia kima cha chini kutoka miaka 5 hadi 3, maana yake zamu inayofuata ni 2027. Mimi napendekeza mapitio ya kila mwaka, yakifuata bei ya mchele, gari ya mihogo, mafuta ya kupikia na nauli, wala yasifuate bei ya dola. Serikali za majimbo zitasema hazina fedha. Lakini tangu ruzuku iondolewe na naira ishuke, mgao wa naira unaokwenda majimboni kutoka serikali kuu umekuwa mkubwa kuliko wakati wowote kabla ya hapo. Anayepinga pendekezo hili aanzie kwenye mgao huo, atuambie unakwenda wapi.