Naomba ushauri: kijana wangu amepata leseni, nimwekee masharti gani?
Assalam aleikum ndugu zangu. Kijana wangu ametimiza miaka 18, leseni anayo, na sasa ataka kwenda na gari chuoni peke yake, Nyali hadi Tudor, hapa Mombasa. Mchana sina wasiwasi sana. Naogopa usiku: safari za Mtwapa, marafiki wamejaa garini, simu mkononi. Vijana wakiwa pamoja hukanyaga mafuta zaidi, na hapa kwetu matatu husimama ghafla, tuktuk huchomoza popote. Nafikiria miezi ya mwanzo asiendeshe usiku, asibebe rafiki, na mjini asipite kilomita 50 kwa saa, kama sheria isemavyo. Mamake aona nambana mno. Nyinyi mliokwisha kulea madereva vijana, mliwawekea masharti gani, na mliyalegeza lini?