Baba ameombwa aingie kwenye majaribio ya dawa za saratani. Nani kapitia hili?

BintiTanga, Leicester
Habari zenu ndugu. Baba yangu, miaka 67, ana saratani ya mirija ya nyongo na imeshafika kwenye ini, haifai tena kupasuliwa. Mwezi uliopita macho yaligeuka manjano kama binzari, mkojo ukawa kama chai ya rangi, wakamwekea stenti, kijibomba cha kufungua njia ya nyongo. Sasa daktari anasema tiba ya kawaida ni dawa tatu: gemsitabini, sisplatini na durvalumabu. Ila kuna majaribio yanayoongeza ya nne, na kompyuta ndiyo inayochagua nani apate hiyo ya nne na nani apewe dripu isiyo na dawa. Nimemsomea baba zile karatasi kwa Kiswahili, ukurasa hadi ukurasa. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hiyo nikiangukia upande ule, wataniacha hivi hivi?" Nilishindwa kumjibu.

NesiWaZamu
Pole sana mdogo wangu. Mwambie mzee haachwi. Kwa ulivyoeleza, zile tatu anapata upande wowote atakaoangukia. Kinachobahatishwa ni ile ya nne tu. Hata hiyo sisplatini iliingia kwenye tiba ya saratani hii kwa njia hiyohiyo. Majaribio ya ABC-02 hapa Uingereza, matokeo yakatoka 2010: wagonjwa 410, wengine gemsitabini peke yake, wengine pamoja na sisplatini. Kundi la kwanza nusu yao waliishi zaidi ya miezi 8.1, la pili 11.7. Kisha 2022 ikaja TOPAZ-1, watu 685. Wote walipewa hizo mbili, nusu wakaongezewa durvalumabu. Miezi ikapanda kutoka 11.5 hadi 12.8, na najua hiyo inaonekana kidogo mno. Lakini tazama baada ya miaka miwili: waliokadiriwa kuwa hai ni kama 25 katika kila 100, wakati kundi lingine ni 10. Kwa hao, tofauti si ya wiki chache.

Mzee Kombo
Kaka yangu alikuwa na ya kongosho, akapewa ule mchanganyiko wa dawa nne ambao Wafaransa walichapisha matokeo yake 2011: miezi 11.1, gemsitabini peke yake 6.8. Ulimsaidia, sikatai. Lakini akigusa kitu baridi vidole vilimchoma kama sindano, hata kufungua friji alivaa glavu. Binti, uliza hiyo ya nne itamfanya nini mwilini, na siku ngapi zitakwenda hospitali.

BintiTanga
Ahsanteni mno. Dada Nesi, nimemsomea baba jibu lako mara mbili, jana ndiyo kala uji wote. Tuna miadi Jumanne saa nne asubuhi. Kaniambia niandike maswali mawili: akijitoa katikati, zile tatu zitaendelea? La pili ni lake mwenyewe: dripu ni siku ya kwanza na ya nane ya kila mzunguko wa dawa, je, Ijumaa ataruhusiwa kwenda msikitini?

NesiWaZamu
Kujitoa ni haki yake, wakati wowote, na matibabu ya kawaida hayakatwi. La msikiti muulize daktari hivyohivyo, akiangalia chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi, atakwambia.