Mjadala: Vita vya wengine vikirefuka, Lubumbashi inafaidi nini?

Mwanzisha mada, Kamalondo:
Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine 2022, viwanda vya silaha vya Ulaya na Marekani vinakesha. Machi 2023 Umoja wa Ulaya uliiahidi Ukraine makombora ya mizinga milioni 1 ndani ya mwaka, na muda ukaisha hayajatimia. Ganda la risasi kwa kawaida ni shaba iliyochanganywa na zinki. Shaba tunayo hapa Kongo, zinki iko jirani, Kipushi. Wapo wanaosema vita hivyo vikiendelea vijana wetu watapata kazi. Mnaonaje?

Mama wa Katuba:
Yaya Kamalondo, nakataa kabisa. Hii njia tulishaipita. Katika Vita Kuu ya Pili shaba ya Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, ilikwenda kwa Washirika, yaani Uingereza, Marekani na wenzao. Wachimbaji walisukumwa wazalishe zaidi, vyakula vikapanda bei, mishahara ya weusi ikabaki nyuma. Desemba 1941 wakagoma. Tarehe 9 askari wakawafyatulia risasi uwanjani, hapa hapa mjini, wakafa makumi ya watu. Walichodai ni nyongeza ya mshahara! Kisha urani ya mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ikaingia kwenye bomu la Hiroshima, 1945. Nendeni Likasi mkaulize ni familia gani ya mchimbaji iliyojengewa nyumba kwa urani ile.

Pesa ya vita hubaki kule silaha inakomaliziwa. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilihesabu kwamba kampuni 100 kubwa za silaha ziliuza kwa dola bilioni 632 mwaka 2023. Na tazameni ndugu zetu wa Kivu: wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi wa M23, baada ya kuteka machimbo ya Rubaya 2024, walitoza koltani, madini ya kutengenezea simu, ushuru wa dola 800,000 hivi kwa mwezi. Anayekusanya pesa hiyo atakuwa na haraka gani ya amani?

Papa wa Kipushi:
Mama, nakuheshimu, lakini hasira haipiki bukari (ugali). Shaba nyingi duniani inakwenda kwenye nyaya za umeme, majengo na magari. Ya risasi ni kidogo. Na kama dawa ni kumwekea mnunuzi masharti, atavuka kwenda Chile, wanakochimba shaba pia.

Mama wa Katuba:
Papa, hapo kwenye nyaya umesema kweli, na ndiyo maana sioni kwa nini tuombee vita. Kuhusu masharti, kumbuka kobalti, inayotumika pia kwenye injini za ndege za kivita. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa kwetu. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza nje, na bei ikapanda. Kwa hiyo nguvu tunayo. Mimi nataka kila mkataba wa madini utaje mnunuzi wa mwisho, na utangazwe kwa lugha tunazosoma.

Papa wa Kipushi:
Kutaja nakubali. Lakini lori likishavuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, nani atalifuata hadi kiwandani?